Acheni Kuipigia Kura Zohali

Kijiweni kwetu Kamsamba, umeme ukikatika, tunabishana. Tukimaliza Simba na Yanga huja siasa. Siasa ikituchosha, mtu hutazama juu. Usiku mmoja wa kiangazi, anga limetakata, tukapiga kura: ni sayari gani inayovutia kuliko zote? Zohali ilipata kura tano, Mirihi tatu, Mshtarii moja kwa sababu ya ukubwa wake. Mimi peke yangu niliipigia Zuhura, nikachekwa mpaka umeme uliporudi. Naandika kwa sababu sijakubali kushindwa.

Tuanze na mshindi. Zohali ina pete, na pete zake ni nzuri. Ni mabonge na vipande visivyohesabika, vingi vikiwa barafu, vinavyoizunguka kila kimoja kwa njia yake. Chombo cha Cassini kiliizunguka kuanzia 2004 hadi 2017 na kutuletea picha ambazo hata mimi nimewahi kuziweka kwenye simu. Lakini niliwauliza wale watano: ukiacha pete, unaipendea nini? Kimya. Walimchagua bibi harusi kwa gauni lake.

Mirihi ina hoja nzito zaidi. Ina mabonde yaliyochongwa na maji zamani. Ina mlima wa Olympus Mons, wenye kimo cha kilomita 22 hivi, karibu Kilimanjaro nne zilizopandana. Wapiga kura wake hawakutaja hata moja kati ya hayo. Walisema, "Watu watahamia kule." Hiyo si hamu ya kujua, ni hamu ya kiwanja. Na kiwanja chenyewe kina hewa isiyofika hata asilimia 1 ya uzito wa hewa yetu, na baridi ya wastani wa nyuzi 60 chini ya sifuri. Anayedhani kuishi huko ni rahisi, aje kwanza alime mpunga hapa mwaka mvua inapogoma.

Kipimo changu ni kingine. Sayari inayovutia ni ile inayokurudisha kwenye ardhi uliyosimama, ukaitazama upya. Kwa kipimo hicho, Zuhura haina mpinzani.

Kwa umbo ni pacha wetu. Kipenyo chake ni kilomita 12,100 hivi. Cha Dunia ni 12,700 na ushee. Ungetegemea pacha wafanane tabia. Badala yake, Zuhura ina nyuzi joto 465 hivi, joto la kuyeyusha risasi. Zebaki iko karibu zaidi na Jua, lakini haiifikii kwa joto. Hewa ya Zuhura inakandamiza mara 90 hivi kuliko yetu, na mawingu yake ni matone ya asidi ya salfuriki. Mwaka 1982 Wasovieti walitua huko na chombo kinachoitwa Venera 13. Kilifanya kazi dakika 127, muda ambao filamu ya Kihindi bado haijaisha.

Kilichoifikisha hapo ni hewa ukaa, ambayo ni asilimia 96 ya hewa yake. Hewa hiyo hupitisha mwanga wa Jua, kisha huzuia joto lisitoke.

Sasa teremkeni nami hadi bondeni. Mto Momba unamwaga maji Ziwa Rukwa, na hakuna mto unaotoka ziwani. Jua ndilo huyainua maji yale yakawa mvuke. Sisi hatuogopi, kwa sababu mvuke ukifika juu hukutana na baridi, huwa wingu, hurudi mvua. Kwenye Zuhura mzunguko huo ulikatika. Mvuke ulipanda juu mno, mwanga wa Jua ukaupasua, haidrojeni ikatorokea angani moja kwa moja. Tunajua kwa sababu haidrojeni nzito, ambayo hutoroka kwa shida, imebaki huko kwa kiwango cha zaidi ya mara 100 ya kile cha Dunia. Wataalamu bado wanabishana kama Zuhura iliwahi kuwa na bahari. Kwamba ilipoteza maji, hilo lina ushahidi.

Sisemi Dunia itageuka Zuhura. Tuko mbali zaidi na Jua, na anayewatishia watoto hivyo anadanganya. Lakini hewa ukaa ni ile ile, na kazi yake ni ile ile. Mtu ambaye chakula chake cha mwaka kinategemea mvua hawezi kuiona Zuhura kama habari za mbali.

Kuna aliyesema Dunia ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ina uhai. Nakubali ina uhai. Lakini bila kuiweka kando ya pacha wake, usingejua kwamba mvua kurudi ni jambo la kushangaza.

Mwingine alisema mambo ya sayari ni ya wenye darubini, Ulaya na Marekani. Huyo hajapanda hadi Ndolezi, mkoani kwetu humu humu Songwe, akaweka kiganja juu ya Kimondo cha Mbozi: chuma na nikeli kutoka angani, kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Na Zuhura haihitaji darubini. Mama yangu ameitumia miaka yote kama saa. Misimu inapochomoza alfajiri, akiiona anatuamsha twende kuamia mpunga kabla kwelea kwelea hawajashuka. Anaiita nyota, na simsahihishi kila mara.

Kura irudiwe. Safari hii tupige alfajiri, shambani, mgombea wangu akiwa anaonekana.