Magoma, Ngolo na Daftari la Mwanafunzi

Katika likizo iliyopita alitujia kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Kingerikiti, ambaye zamani alikaa mkekani mbele yetu akijifunza herufi, na leo anasoma chuo mbali na hapa. Alikuja na daftari. "Ustadhi," alisema, "naomba ulisome kisha unikosoe." Ndani yake ameandika fikra zake juu ya kile wanachokiita chuoni ujasiriamali wa kijamii, yaani biashara ambayo faida yake ya kwanza ni kuiondolea jamii dhiki fulani, na fedha hufuata ili kazi hiyo isife. Tumelisoma mara mbili. Yapo tuliyoyakubali kwa furaha, na lipo moja tunalompinga.

Dhiki aliyoichagua kila mkulima wa kahawa wa Mbinga na Nyasa anaijua kwa jina: magoma. Mkulima huishiwa kabla ya mavuno. Huja mwenye fedha, akampa kiasi kidogo taslimu, na kahawa ikiiva huichukua kwa bei ambayo haina uhusiano wowote na bei ya soko. Wanafunzi wa fiqhi watatukumbusha kwamba ipo bai ya salam, ambayo ni halali, nasi tunaijua. Lakini salam ina masharti yake, na haikuwekwa ili mwenye shibe amkamue mwenye njaa. Serikali nayo iliamuru mwaka 2018 kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, ila amri haikumwondolea mkulima njaa ya Februari, na njaa hiyo ndiyo mlango wa magoma.

Lililotufurahisha ni namna alivyoanza. Hakuanza na dawa, alianza kwa kuuliza. Aliwaendea kina mama, wa misikitini na wa kanisani, kwa kuwa magoma hayamuulizi mtu dini yake, akataka kujua fedha ile ilichukuliwa mwezi gani na kwa haja gani. Sisi tungeapa kwamba ni kwa pembejeo. Kumbe wengi walimjibu: Januari, mtoto amechaguliwa kidato cha kwanza, anahitaji sare, daftari na godoro, au mgonjwa amepelekwa hospitali usiku. Haja ni ndogo, ya siku chache, na inampokonya mtu jasho la mwaka mzima. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la mfuko: kila nyumba iweke sehemu ya fedha yake wakati wa mavuno, na ikope bila nyongeza wakati wa ukata. Chuoni huita kazi hiyo usanifu, yaani kumtazama atakayekitumia kitu kabla ya kukitengeneza.

Tulimwambia hilo si geni katika milima hii. Wamatengo, waliposukumwa kwenye miteremko mikali katika vita vya karne ya 19, walibuni kilimo cha ngolo. Nyasi hufyekwa na kulazwa katika mistari inayokatana mpaka ikafanyika miraba; udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika nyasi hizo, yakabaki matuta pande zote na shimo katikati. Mvua hutuama shimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi huoza zikawa mbolea ya maharage, kisha ya mahindi. Wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake hulima. Hakuna jina la mbunifu wake lililohifadhiwa, na shamba bado linashika kwenye mteremko ambao mbuzi mwenyewe huteleza.

Na hapa ndipo tunapompinga. Kurasa nyingi za daftari zinamzungumzia mwanzilishi: maono yake, jina la mradi, alama yake, mfumo wa simu. Kujipanga kumepewa ukurasa mmoja, wa mwisho. Sisi tungeugeuza mpangilio huo juu chini, na tunasema hivyo kwa sababu tumeungua. Miaka kadhaa nyuma tulianzisha sanduku kati yetu walimu na wazazi. Nia ilikuwa njema, daftari lilikuwa moja, na ufunguo mmoja. Mtunzaji alihama, hesabu ikahama naye. Wajane wawili hawajarejeshewa akiba yao mpaka leo, na kila tukipita mbele ya nyumba zao tunainamisha macho. Hakuna aliyekusudia kuiba, hatukujipanga, basi.

Kindimba, huko Mbinga, walifanya vizuri zaidi yetu. Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa msaada wa Wajapani, kilifanya kazi na wanakijiji kuanzia mwaka 1999, na ikajengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Kamati ya kuisimamia iliitwa Sengu, jina la baraza la zamani la Wamatengo ambapo watu wa ukoo walikula pamoja, wakashauriana na kusuluhishana. Mashine ikitaka maji, watu wakaona haja ya kulinda vyanzo na kupanda miti. Chombo kilifuata baraza, na baraza lilikuwa tayari ndani ya watu.

Haki inatulazimu tuseme pia kwamba kujipanga si ngao dhidi ya kila kitu. Upande wa Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vijiji 17 vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, vikawa na kinu cha kusaga, kiwanda cha mbao na shule ya Litowa chini ya mwalimu Suleiman Toroka. Walijitawala, na kujitawala kwao kukawaudhi wakubwa. Septemba 1969 chama kilivunjwa kwa amri ya TANU, mali zake zikachukuliwa. Kijana wetu hakuwa amelisikia jambo hili, na lilimtia huzuni. Aliuliza: kwa nini basi wahangaike? Tulimjibu kwamba leo ipo Sheria ya Ushirika ya mwaka 2013, na kikundi kikisajiliwa kina mahali pa kulalamikia. Jibu hilo lilimtosheleza nusu, na sisi vilevile.

Kabla hajarudi chuoni walikutana nyumba 14. Wamekubaliana kuanza na mavuno yajayo, kwa sanduku la kufuli tatu na madaftari mawili yanayosomwa kwa sauti mbele ya wote. Funguo mbili wamepewa kina mama wa mlimani. Ya tatu walimpa kijana, akaikataa kwa kuwa yeye ni msafiri. Akaomba apewe mmoja wa wale wajane wawili, naye amekubali, kwa sharti kwamba deni letu sisi walimu liandikwe mstari wa kwanza wa daftari jipya. Limeandikwa.