UFUNDI KIJIJINI: Kijiko cha zamani na spea zake

Mtambo tunaouita kijiko ni trekta lenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Huchimba malambo na mitaro ya mabomba. Kijiko cha miaka 40 bado kinaweza kufanya kazi. Kikiharibika, wanakikundi huchanga fedha na kumtuma mtu mjini. Mara nyingine mtu huyo hurudi na spea isiyoingia. Fedha imekwenda, na kijiko bado kimelala.

Kabla ya safari, soma namba. Hapa ndipo kujua kusoma kunapookoa fedha. Namba ya mtambo iko kwenye kibati kilichofungwa mwilini mwake. Namba ya injini imegongwa kwenye chuma cha injini. Futa grisi kwa kitambaa chenye dizeli, kisha andika yote, pamoja na herufi za mwanzo. Usiende dukani ukasema, "Ni kile cha njano." Vijiko vingi ni vya njano.

Kwa nini namba mbili? Kwa sababu aliyetengeneza mtambo huenda siye aliyetengeneza injini. Kijiko cha JCB 3CX kilianza kutengenezwa mwaka 1980. Vile vya mwanzo vilifungwa injini ya Perkins 4.236, ambayo namba yake huanza na herufi LD. Injini ya aina hiyo ilifungwa pia kwenye trekta la Massey Ferguson 175. Basi ukikosa pistoni au gasketi kwa wauza spea za vijiko, ingia duka la spea za matrekta. Onyesha namba kwanza, maana injini hizo zina tofauti ndogo ndogo.

Chukua na spea mbovu yenyewe. Mpira wa mafuta uliopasuka usiutupe. Fundi atapima urefu, unene wa tundu na nyuzi za kufungia. Nyuzi huweza kufanana kwa macho na zisishikane.

Silinda ikivuja, wengi hukimbilia kununua sili mpya. Kwanza futa fimbo ya silinda, upitishe ukucha juu yake. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, sili mpya nayo itakatwa. Fimbo hiyo itengenezwe kwanza. Unapovisha sili, mdomo wake uelekee upande wa mafuta yanayosukuma. Ukiugeuza, itavuja siku ile ile.

Pini na bushi zilizolika si lazima zitoke mbali. Fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma anaweza kuzichonga. Ulizeni pia ofisi ya SIDO ya mkoa wenu. Halafu zipakeni grisi kila siku ya kazi. Grisi ni rahisi kuliko pini.

Sasa tuseme juu ya hatari. Kabla ya kufungua mpira wowote, teremsha ndoo zote mbili hadi chini. Zima injini. Kisha sukuma na kuvuta vishikio, mafuta yapunguze nguvu. Usiingie kamwe chini ya ndoo iliyoinuliwa, ambayo inashikiliwa na mafuta tu.

Usipapase mpira kwa mkono kutafuta panapovuja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi, hata ukivaa glavu. Chukua kipande cha boksi, kaa mbali nacho, ukipitishe kando ya mpira. Boksi likilowa, umepata tundu. Vaa na miwani ya kazi.

Aliyepenywa na mafuta huona alama ndogo, kama amechomwa na mwiba. Mwanzoni huenda asisikie maumivu makubwa. Baadaye mkono huvimba, nyama huoza, na mtu anaweza kukatwa mkono. Asingoje kesho. Mpelekeni hospitali yenye daktari wa upasuaji saa ile ile. Mwambieni daktari wazi kwamba ni mafuta ya mtambo, na yameingia kwa nguvu, asije akafungwa bendeji tu na kurudishwa nyumbani.