Kopo la Kijana Mpiga Ngumi

Wazazi wengi huliona kopo la unga wa misuli chumbani mwa kijana achezaye ngumi, wakanyamaza. Sisi hatuafiki. Kretini, tukiri, husaidia katika juhudi fupi za nguvu. Lakini huvuta maji misulini na kuongeza uzito, nalo ni balaa kwa anayesubiri mizani. Tena lebo hazisemi yote. Mwaka 2016 Yoel Romero, mpiganaji mzaliwa wa Cuba, alifungiwa miezi 6 kwa dawa iliyokatazwa, ingawa ilithibitika imetoka katika kirutubisho ambacho lebo yake haikuitaja. Na ganda la vidonge vingine ni jelatini ya nguruwe! Muuzaji aulizwe ni ya mnyama gani. Asipojua, kopo lirudi rafuni.