Msimcheke Dracula wa Hong Kong

Wapo watu ambao wakisikia kwamba Dracula alipelekwa Uchina kukutana na mabingwa wa kung-fu, huangua kicheko kabla hata ya kuitazama picha yenyewe. Mimi sicheki nao. Sinema hiyo, The Legend of the 7 Golden Vampires, ilitolewa mwaka 1974 na kampuni mbili zilizoshirikiana: Hammer ya Uingereza, iliyovuma kwa picha za kutisha, na Shaw Brothers ya Hong Kong.

Peter Cushing ni Profesa Van Helsing, mwindaji wa wafu wanyonya damu. Lakini watazame hasa wale ndugu saba na dada yao, wanaokwenda kukikomboa kijiji cha wazee wao. Mapigano yalipangwa na Liu Chia-liang na Tang Chia, na wafu wanapofumuka makaburini wakija kwa kurukaruka, hutakumbuka kutazama saa. Dracula mwenyewe hana kazi kubwa. Mwanzoni anajitwalia umbo la kuhani wa Kichina, na sura yake haionekani tena hadi mwisho. Wangemwacha kwao!

Kilichoiharibia jina picha hii, kwa maoni yangu, si mchanganyiko bali mkasi. Ilipoonyeshwa Marekani mwaka 1979, dakika zake 89 zilikuwa zimepunguzwa hadi 75 hivi, vipande vingine vikarudiwarudiwa, na jina likawa The 7 Brothers Meet Dracula. Aliyeonja makombo hayo ataijuaje karamu? Mpenzi wa sinema, itafute ile nzima kwanza, kisha njoo ucheke mbele yangu.