Kabla ya kung'oa jino, uliza kama linaokoleka

Mama au mlezi, jino likimeguka au kutoboka, dawa si kung'oa tu. Tundu dogo huzibwa. Jino la kudumu lililopoteza sehemu kubwa ya kuta zake, au gego lililotibiwa mzizi, linaweza kupasuka wakati wa kutafuna. Hilo huvishwa kofia ngumu. Likioza hadi ndani ya fizi, mara nyingi kofia haina pa kushika.

Angalia gego linaloota nyuma ya meno ya utoto, mtoto akifikisha miaka 6 hivi. Wengi hudhani ni la utoto, lakini likitoka halioti tena.

Kwa anayeishi Chiwanda, kofia ni safari zaidi ya moja, nauli na gharama. Ndiyo maana kung'oa huonekana rahisi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Unapojiandikisha, uliza: kitita kinalipia kuziba, kutibu mzizi na kofia, au kung'oa pekee?

Na kabla ya sindano ya ganzi, uliza: "Daktari, jino hili linaweza kuokolewa?" Uso ukivimba pamoja na homa, usisubiri, nenda kituoni siku hiyohiyo.