Heri Kibuyu Kimoja Kilicho Safi

Wakulima wenzangu, mwezi huu nataka kusema juu ya kitu ambacho wengi hukinywa lakini hawapendi kukizungumza mbele ya Chifu, yaani pombe ya asali na divai ya matunda inayotengenezwa nyumbani. Shauri langu ni fupi. Atakaye kuitengeneza, atengeneze kidogo, atengeneze safi, na awe na leseni. Asiyeweza mambo hayo matatu, afadhali auze asali yake ikiwa asali.

Wazee wetu walipopewa mashamba ya skimu huku Kinangop na kwingineko tangu mwaka 1962, wengi walikuja na mizinga yao ya nyuki. Walikuja pia na ufundi wa muratina. Siku hizo muratina haikuwa kinywaji cha kila mtu wala cha kila siku. Ilitengenezwa kwa ajili ya ruracio, au wazee walipokuwa na shauri la kukata. Ilipimwa kwa pembe, na kijana hakuthubutu kuigusa.

Ufundi wenyewe ni wa kustaajabisha. Tunda la mti wa mwegea, ambalo Wakikuyu huliita muratina, haliliwi likiwa bichi kwa sababu lina sumu. Lakini hupasuliwa, hutokoswa, kisha hukaushwa juani mpaka libaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo ndizo nyumba ya hamira. Zikitiwa katika maji ya asali yaliyo vuguvugu, na kibuyu kikiwekwa karibu na meko, hamira huila sukari ya asali na kuigeuza kuwa kileo. Kazi ikiisha, nyuzi hutolewa, huoshwa, hukaushwa, na kuwekwa kwa safari nyingine. Wazee hawakuwa na darubini ya kutazama hamira, lakini waliijua tabia yake na walijua kuitunza.

Sasa tazameni mambo yalivyo leo. Mtu hununua gunia la sukari, hutia katika pipa, huongeza vitu asivyotaka kuvitaja, na kesho yake huuza akiita muratina. Asali haimo hata kijiko. Huo ni uongo, lakini uongo huo bado si jambo baya kuliko yote. Mwezi wa Mei 2014, katika Embu, Kiambu na sehemu nyingine za nchi, watu zaidi ya 60 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Haina harufu ya kumwonya mnywaji, na kiasi kidogo tu chaweza kuharibu macho ya mtu. Asali iliyochacha vizuri haileti msiba wa namna hiyo. Uliletwa na mkono wa mtu aliyetaka pombe kali, nyingi, na ya upesi.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Pombe za kienyeji zote ni sumu, zipigwe marufuku," namjibu kwamba anamhukumu fundi pamoja na mwuaji. Na mtu mwingine akisema, "Ni mila yetu, tuachwe," huyo namjibu kwamba mila yetu haikujua pipa la bati wala spiriti ya kiwandani.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja plamu zilizaa sana, na bei ikawa haifai hata gharama ya kuzichuma. Nikaponda debe zima, nikatia maji na sukari, nikafunika kwa gunia kuukuu. Vijinzi vikaingia, hewa ikaingia, na baada ya majuma matatu nikawa na debe la siki. Mama watoto alicheka, akaitumia kwenye kachumbari mwaka mzima. Mara ya pili nilipotengeneza nilianza na chupa moja tu ya lita tano, na nikafuata kanuni.

Kanuni hizo si ngumu. Kwanza, chombo kiwe cha kioo, cha udongo au cha plastiki ya chakula, nacho kioshwe kwa maji ya moto. Usitumie pipa la mabati, kwa kuwa ukali wa divai huyayusha madini yake. Na mtungi uliowahi kuwekwa dawa ya kuogeshea ng'ombe usiutumie kamwe, hata ukiuosha mara mia. Pili, pima. Kilo moja ya asali kwa lita tatu za maji yatosha kufanya divai kamili. Tatu, siku za kwanza divai ichemke chini ya kitambaa safi, kisha ziba mdomo wa chombo na upitishe mrija mwembamba ambao ncha yake imo katika kikombe cha maji. Hewa ya ndani hutoka, lakini hewa ya nje na vijinzi haviwezi kuingia. Nne, ngoja. Huku kwetu kwenye baridi hamira hufanya kazi polepole. Mapovu yakiisha na takataka zikituama, hamisha divai taratibu katika chombo kingine, uache masimbi chini. Ukiitia katika chupa kabla haijatulia, chupa zitapasuka na huenda vioo vikamwumiza mtu.

Kungojea huko ndiko kunakowashinda wengi. Muratina hunywewa ikingali mpya, lakini divai ya asali au ya plamu yataka miezi. Ikiwa changa huwa kali na huwasha koo. Baada ya nusu mwaka hung'aa, na harufu ya asali au ya tunda hurudi. Haraka haraka haina baraka.

Wengine watauliza, "Kidogo hicho kitalipa karo?" Swali ni la haki. Mtu mmoja na chupa zake ishirini hawezi kulipa karo, wala hatajimudu gharama za leseni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 haimruhusu mtu kutengeneza kileo cha kuuza bila leseni, na tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, leseni za vileo zimo mikononi mwa kaunti. Lakini wakulima ishirini wenye mizinga na miti ya matunda waweza kufanya ushirika mmoja, wajenge chumba kimoja safi, wapeleke divai ikapimwe na KEBS, nao wauze kwa jina lao bila kujificha vichakani.

Wala divai si kitu kigeni katika nchi zetu. Karibu na Naivasha kuna mashamba ya mizabibu. Marehemu Richard Leakey, aliyefariki mwaka 2022, alipanda mizabibu ukingoni mwa Bonde la Ufa karibu na Ngong, akatengeneza divai kidogo kidogo. Kule Dodoma, Tanzania, nchi kavu kabisa, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na divai hukamuliwa papo hapo. Sisi tuna nyuki, tuna plamu, tuna baridi nzuri ya kutuliza divai. Kilichobaki ni uangalifu.

Naiomba Serikali nayo isimwendee mwenye kibuyu safi kwa rungu lile lile la kumwendea mwenye pipa la sumu. Bwana Shamba atufundishe usafi na upimaji, kama alivyotufundisha kukamua maziwa safi. Zamani maziwa yetu yalirudishwa kiwandani kwa uchafu; leo yanakubaliwa.

Na kwenu, wenzangu, neno la mwisho. Usimwuzie mtu kitu usichothubutu kumpa baba yako katika pembe. Usimpe mtoto. Usinywe mpaka ng'ombe wakalala bila kukamuliwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.