Tuhuma Si Ushahidi

Katika vitabu vya nchi za nje vielezavyo habari za silaha za sumu na viini vya maradhi, nchi yetu ya Kenya imo. Ukivifungua, msomaji, utawakuta Mau Mau wamewekwa katika orodha moja na mtu aliyetia kimeta katika barua huko Marekani mwaka 2001. Sababu yake ni ng'ombe 33 waliotiwa sumu mwaka 1952 katika kituo cha misheni nchini Kenya. Sumu hiyo ilikuwa utomvu mweupe wa kichaka cha jamii ya mnyaa, ambacho wakulima wetu hukipanda kiwe ua wa shamba.

Mimi nasema kwamba hukumu hiyo imekatwa kwa haraka. Daktari wa mifugo P. W. Thorold aliandika habari hiyo mwaka 1953 katika jarida la madaktari wa mifugo wa Afrika Kusini, na kichwa cha makala yake kilisema kwamba huo ni uovu unaotuhumiwa tu. Neno hilo lina uzito. Lakini habari ikinakiliwa kitabu hata kitabu, neno "tuhuma" hufifia, na jina la mtuhumiwa hubaki peke yake.

Kila mpelelezi wa sumu ana maswali mawili: Sumu ni ipi? Mkono ni wa nani? Maabara hujibu swali la kwanza. La pili haliwezi. Mmea uotao katika nyua za watu wote hautaji jina la aliyeukata. Tena kumbuka ni wakati gani ule. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na serikali ya kikoloni ikawaadhibu watu kwa jumla, hata kuwanyang'anya mifugo kwa makosa ya wengine. Wakati kama huo, kutuhumiwa tu kulitosha kumfilisi mtu asiye na hatia.

Pengine utaniuliza, "Je, wawatetea watia sumu?" Hasha! Ng'ombe hana siasa, na dhuluma ya mkoloni haikuifanya sumu kuwa halali. Kenya yenyewe iliingia mwaka 1976 katika mkataba wa 1972 unaokataza silaha za viini vya maradhi, na ilifanya vema. Lakini kulilaani tendo si ruhusa ya kumbuni mtendaji.

Wala kosa hili si la zamani tu. Mwezi wa Oktoba 2001 Waziri wetu wa Afya, Sam Ongeri, alitangaza kwamba barua iliyotoka Atlanta ilikuwa na kimeta. Dunia nzima ikashtuka; baadaye vipimo vikaonyesha kwamba hapakuwa na kimeta. Huko Marekani kimeta kilikuwamo kweli, na watu 5 walikufa. Wapelelezi wakamwandama mwanasayansi Steven Hatfill kwa miaka, na magazeti yakamchafulia jina; mwaka 2008 serikali ikakubali kumlipa mamilioni ya dola, kisha ikakiri kwamba hakuhusika. Wahenga walisema: Mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Na muda wote wa kumfuata asiye, aliye hutembea huru.

Basi wewe usomaye, usidhani kwamba mambo haya ni ya wakubwa peke yao. Kimeta kimo katika udongo wa nchi yetu, na mbegu zake huweza kulala humo miaka mingi bila kufa. Ng'ombe akianguka ghafla leo huko Gatuanyaga, mashariki ya Thika, huenda ni kimeta, huenda ni majani mabaya, huenda ni mkono wa mtu. Usimpasue, usimle, wala usimtaje jirani. Mwite daktari wa mifugo, umngoje apime. Sumu huua walioila. Jina lililotajwa bila ushahidi huua ujirani wa kijiji kizima, na halina dawa. Atakayekuambia kwamba anamjua mtenda uovu, mwulize kwanza amejuaje. Akikosa jibu, usilipeleke neno lake mbele.